Fidia Imepanda

Redio ya fundi viatu ilitangaza kwamba fidia ya wafanyakazi imepanda kwa asilimia kumi na mbili, na kwamba kwa mwaka mzima imefikia trilioni arobaini na moja. Ilisema hivyo mara moja tu, katikati ya bei ya mafuta na habari za mvua, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

Mbili alikuwa amesimama pale na kiatu cha binti yake kwapani. Aliinua kichwa.

"Umesikia?"

"Nimesikia," fundi alisema bila kutoa misumari mdomoni. "Mvua."

"Si mvua. Fidia. Wamelipa fidia ya wafanyakazi. Trilioni arobaini na moja."

Fundi alitema misumari kiganjani ili aongee vizuri. "Basi wewe ni tajiri, bwana. Mbona jana uliniomba nikupunguzie bei ya soli?"

Jina la Mbili alipewa kiwandani, wiki ileile aliporudi na bandeji. Presi ya kukatia mabati ya mabeseni ilikuwa imechukua vidole vitatu vya mkono wa kulia, ikamwachia gumba na cha shahada. Wenzake hawakumpa jina hilo kwa ubaya. Kiwandani mtu hucheka haraka kabla hajaanza kufikiri zamu yake itakuwa lini.

Alirudi nyumbani mbiombio, kiatu hakijashonwa.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anashona kola za sare za shule. Alilipwa kwa dazeni, kwa hiyo alizoea kuongea bila kuinua macho.

"Ile karatasi isitiwe sahihi," Mbili alisema.

"Nani kakwambia?"

"Redio. Fidia imetoka. Serikali imelipa trilioni arobaini na moja kwa wafanyakazi, na imeongezeka kuliko mwaka jana. Sasa kama wengine wamelipwa, yangu iko wapi? Ndiyo maana kiwanda kinanikimbiza na laki sita."

Cherehani ilinyamaza. Karatasi yenyewe ilikuwa chini ya kopo la nyuzi. Iliandikwa kwamba kiwanda, kwa moyo wa kiungwana, kitampa mfanyakazi laki sita taslimu, na mfanyakazi hatadai fidia ya aina yoyote, sasa wala baadaye, mahali popote. Mwisho wa kutia sahihi, Ijumaa saa sita mchana. Neno hilo la kiungwana lina umri mrefu pale. Mwaka kiwanda kilipoachisha kazi watu mia moja na ishirini asubuhi moja, barua zao nazo ziliandikwa kwa moyo wa kiungwana. Walio hai bado wanazo. Mmoja amefunikia mtungi.

"Baba watoto," mke alisema, "nyoosha hicho kidole."

"Tunaongea habari nyingine."

"Nyoosha."

Mbili alijaribu. Kidole cha shahada kilikwenda nusu ya njia, kikakataa, kikarudi kujikunja kuelekea kwenye gumba. Daktari alikuwa amewaeleza: kano zinajivuta, kovu linazibana. Kukifanyika upasuaji kabla ya mwisho wa mwezi, vidole vile viwili vitashika kijiko, kalamu na bisibisi. Baada ya hapo vitafunga moja kwa moja. Upasuaji ni laki nne.

"Laki nne za daktari," mke alisema. "Moja na nusu ya kodi ya nyumba. Hamsini tunakula. Mimi hesabu yangu ndiyo hiyo. Trilioni siijui, haijawahi kupita hapa."

Binti yao, aliyekuwa akifanya mazoezi ya shule kitandani, alisema polepole, "Baba, mimi nadhani hiyo ni ya uchumi. Kwenye kitabu..."

"Fidia ni fidia, mwanangu. Uchumi umekatwa nini?"

Binti akarudi kwenye daftari lake.

*

Kesho yake saa ya mapumziko, ukutani mwa kiwanda upande wa kivuli, habari ilikuwa imeshawafikia wote. Mmoja alikuwa ameisoma gazetini kwa macho yake: *Fidia ya wafanyakazi yapanda.* Gazeti lilipita mkono kwa mkono hadi likapata mafuta ya mashine.

"Arobaini na moja trilioni za vidole!" mpakizi mmoja alishangaa. "Nchi hii imekatwa vidole vingapi?"

"Wewe unafikiri vidole tu? Kuna macho, kuna migongo."

"Mgongo wangu peke yake trilioni mbili."

"Mgongo wako uliharibika ukiwa umelala, acha uongo."

Walicheka, kisha kicheko kikaisha, na mtu mmoja akafunua bega. Alikuwa Mama Lebo, mbandika karatasi za jina kwenye mabeseni. Gundi ya moto ilimwagika begani kwake miaka miwili iliyopita, akapewa siku tatu za kupumzika na chupa ya mafuta. Ngozi pale ilikuwa inang'aa kama nailoni. Baada yake mwingine alikunja suruali. Mwingine aliomba wamsikilize anavyokohoa, wakamsikiliza.

Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi alipita, wakamwita.

"Katibu, fidia imetoka. Sisi tumo?"

"Nitalifuatilia," katibu alisema.

Huyo katibu alikuwa ni mtu wa kufuatilia. Alianza kufuatilia posho ya usiku binti yake akiwa anatambaa. Binti ameolewa, posho bado inafuatiliwa. Kwa hiyo waliamua wenyewe. Waliandika majina kumi na tisa kwenye karatasi, na mbele ya kila jina sehemu iliyoumia. Wakachanga nauli. Mbili akateuliwa kwenda mjini kwenye ofisi iliyotajwa na gazeti, ofisi ya takwimu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kidonda cha kuonekana, na kwa kuwa siku hizo alipangiwa kazi ya kufungua geti, ambayo yeyote angeweza kuifanya.

"Ukifika ongea kwa adabu," Mama Lebo alimwambia. "Lakini mkono uweke mezani."

*

Ofisi ya takwimu ilikuwa ghorofa ya nne. Mlinzi alimwuliza anamtaka nani. Mbili akasema anawataka wanaotoa fidia. Mlinzi akasema hapa haitolewi fidia. Mbili akamwonyesha gazeti. Mlinzi akalisoma lote, midomo ikicheza, akaguna, akamwandikia kikaratasi cha kupita.

Juu kulikuwa na chumba cha meza sita na mafaili hadi dirishani. Mtakwimu aliyempokea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sweta lililotoboka kiwiko, na kikombe chake cha chai kilikuwa kimefunikwa kwa bahasha. Alimkaribisha kiti. Mbili aliweka mkono mezani kama alivyoagizwa, kisha karatasi ya majina.

"Tumekuja kwa ajili ya fidia," alisema. "Yaani nimekuja mimi, kwa niaba. Tuko kumi na tisa. Tunaomba kujua utaratibu."

Mtakwimu alisoma orodha. *Bega. Goti. Kifua. Jicho la kushoto.* Alifika mwisho akaanza tena juu.

"Ndugu yangu," alisema, "hii fidia ya gazetini siyo hiyo."

"Ni ipi?"

"Ni mishahara."

Kijana wa meza ya jirani alikuwa akisikiliza muda wote. Alicheka kwa pua, akajifanya anakohoa. Mbili hakumtazama, lakini masikio yake yalipata moto.

"Mama, nisamehe, mimi sijasoma sana. Mshahara unaitwaje fidia?"

"Ndivyo ilivyotafsiriwa. Fidia ya wafanyakazi ni jumla ya kila kitu wanacholipwa watu wote walioajiriwa nchini kwa mwaka. Mishahara, posho, marupurupu. Tunajumlisha nchi nzima, kuanzia waziri hadi mlinzi wa pale chini."

"Na mimi?"

"Na wewe."

"Sasa fidia ya nini?"

"Ya kazi. Mtu ametoa kazi yake, analipwa."

"Fidia, mama, hulipwa mtu aliyeumizwa. Au aliyevunjiwa nyumba. Mtu mzima aliyeenda kazini akarudi salama utamfidia nini?"

Mtakwimu alifunika upya kikombe chake cha chai. Alikuwepo kwenye kikao kilichopitisha neno lile. Kilifanyika hotelini siku mbili, na yeye alikuwa upande wa walioona chakula kinapoa. Hakuna aliyeuliza swali hilo.

"Hela yote inayozalishwa nchini tunaigawa mafungu," alisema, akachora duara nyuma ya karatasi chakavu. "Hili la wafanyakazi. Hili la kodi. Na hili kubwa ni linalobaki kwa wenye viwanda na wenye mali."

"Hilo la wenye mali mmeliitaje?"

"Ziada."

Mbili alilitazama duara. "Wao ziada," alisema, "sisi fidia."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayerudia maelekezo ya njia ili asipotee. Hata hivyo kijana wa meza ya jirani aliacha kukohoa.

Mbili alianza kukunja orodha yake. Kukunja karatasi kwa mkono wa kushoto na vidole viwili visivyonyooka ni kazi ndefu, na mtakwimu alilazimika kuitazama yote. Huenda ndiyo iliyomfanya avute kijitabu kwenye rafu.

"Ngoja. Nikusomee maana yake yote, usije ukasema nimekuficha. *Jumla ya malipo ya fedha na vitu anayolipwa mfanyakazi, pamoja na michango ambayo mwajiri humlipia kwenye mfuko wa pensheni na mfuko wa ajali kazini.*"

"Rudia hapo mwisho."

"Mfuko wa ajali kazini."

"Huo mchango nani anatoa?"

"Mwajiri. Kila mwezi, kwa kila mtu. Hukatwi wewe. Ni sheria."

"Kwa hiyo kwenye hizo trilioni, kuna hela imeandikwa ya vidole vyangu."

"Kama mwajiri wako anatoa, ipo. Kiwanda chako kilijaza nini kwenye fomu yetu siruhusiwi kukwambia, nitafungwa. Ila ofisi ya mfuko iko barabara ya pili, jengo la kijani. Hawalipishi kuuliza."

*

Karani wa mfuko wa ajali alikuwa na miwani iliyofungwa uzi. Alibonyeza jina la Mbili kwenye kompyuta, akasubiri, akalipata.

"Upo. Umechangiwa miaka tisa, haukukosekana mwezi."

Mbili aliegemea kaunta. "Na ajali yangu?"

"Ajali gani?"

Mbili aliinua mkono.

Karani alivua miwani, akautazama mkono, akavaa miwani, akatazama kompyuta. "Haijaripotiwa. Kiwanda chenu kwa kumbukumbu zetu hakijapata ajali hata moja kwa miaka minne. Na kwa sababu hiyo kimepunguziwa mchango. Ndio utaratibu: asiye na ajali hulipa kidogo."

Hapo Mbili aliielewa karatasi ya laki sita toka mwanzo hadi mwisho, mpaka na moyo wa kiungwana.

Karani alimweleza lililobaki. Mwajiri akikataa kuripoti, mfanyakazi anaweza kuripoti mwenyewe kwa fomu, awe na mashahidi wawili wa siku ile. Dai likikubaliwa, mfuko hulipa matibabu na pensheni ya ulemavu. Hujibu ndani ya siku sitini. Na asitie sahihi karatasi yoyote ya kuachia dai, akitia, basi.

"Siku sitini," Mbili alisema. "Daktari amenipa mpaka mwisho wa mwezi."

"Mimi nakwambia utaratibu, kaka."

*

Wenzake walimngojea kwenye ukuta wa kivuli.

"Balozi, trilioni zetu ziko wapi?"

"Mmeshazila," Mbili alisema. "Ni mishahara yenu."

Wapo waliocheka wakidhani anatania. Alipowaeleza, waliacha kucheka. Mpakizi alihesabu kitu kwa midomo.

"Trilioni arobaini na moja, na mimi nimo ndani? Mimi nimekula kiasi gani hapo?"

"Ulichokula unakijua."

"Basi nirudishie nauli yangu. Nilichanga kwa ajili ya fidia, sikuchanga kwa ajili ya mshahara."

Mbili alitoa sarafu mfukoni, akamrudishia. Wawili wengine nao wakanyoosha mikono, wakitazama pembeni, akawarudishia. Mama Lebo aliona, akasonya kwa sauti ya kutosha watu watatu.

Kisha Mbili alieleza habari ya mfuko, na kwamba anahitaji mashahidi wawili. Hapo honi ya kazi ilikuwa bado dakika tano, lakini watu walianza kuondoka. Mama Lebo alibaki.

"Mimi ningetia sahihi," alisema. "Lakini siku yako nilikuwa upande wa kupaka rangi. Sikuona. Wakiniuliza nitadanganya, na uongo wangu huwa unaonekana."

"Najua, dada."

"Muulize Kimya."

Kimya alikuwa mwendesha presi ya pili, hatua tatu kutoka ile ya Mbili. Alibakiza miaka mitatu astaafu, na kwa siku alizungumza maneno yasiyozidi ya salamu.

Alikuja mwenyewe nyumbani kwa Mbili siku ya Alhamisi alipotoka kazini, bado na ovaroli. Mke alimpa chai. Akainywa yote. Kisha akaomba fomu, akaiweka juu ya meza ya cherehani, akatia sahihi mahali pa shahidi wa kwanza. Herufi zake zilikuwa kubwa, za mtu aliyejifunza kuandika ubaoni.

Hakuinuka.

"Ile kinga ya mashine," alisema, "niliitoa mimi."

Mke wa Mbili aliacha kola aliyoishika.

"Msimamizi alisema inachelewesha kazi. Akanitajia mashine tatu. Nilizifungua kwa bisibisi yangu. Yangu, na yako, na ile ya dirishani."

"Najua," Mbili alisema. "Nilikushikia tochi."

Kimya alitikisa kichwa mara kadhaa, akashukuru kwa chai, akaenda zake.

Mke alingoja hatua zake ziishe uani. "Mashahidi wawili," alisema. "Huyo mmoja. Kesho ni Ijumaa. Baba watoto, mimi sikatai haki yako. Nakuuliza tu hivi: tukikosa wa pili, na laki sita zimekwenda, huo mkono nitaufanyaje? Mimi ndiye ninayekufunga vifungo asubuhi."

"Twende wote," Mbili alisema. "Ukiziona hela, uamue."

*

Afisa utumishi alikuwa ameshaziweka mezani. Laki sita, noti mpya zenye mpira, na kando yake kidau cha wino wa dole. Kiwandani walimwita Madam. Hakuwa mtu mkali; alikuwa na sauti laini, na alimwuliza mke habari za watoto kabla ya jambo lenyewe.

"Kwa hali ya mkono hatutakusumbua na kalamu," alimwambia Mbili. "Weka dole tu hapa na hapa."

Mbili aliweka fomu ya mfuko wa ajali mbele yake. "Na mimi naomba unitilie sahihi hapa, Madam. Kwamba nimeumia kazini."

Madam alisoma jina la fomu bila kuigusa. "Hii nani amekupa?"

"Ofisini kwao."

"Sisi hatuna utaratibu na hii. Mambo yetu tunamaliza ndani, kama familia." Akamgeukia mke. "Mama, mwambie mwenzako. Mwisho ni saa sita, na hela zikirudi benki hazitoki tena. Wewe ndiye unayejua nyumba inavyokwenda."

Ni kweli, yeye ndiye aliyejua. Alizitazama noti. Kwa jicho alishazigawa: hili rundo la daktari, hili la mwenye nyumba, hizi juu za kula. Zilitosha kabisa. Mkono wake ulikuwa umeinuka kutoka kwenye mkoba.

Madam akaona, akaongeza kwa upole, "Na si kwamba hatujamjali. Miaka tisa tumemlipa kila mwezi, bila kukosa. Hata kwenye ripoti zetu ipo, fidia ya wafanyakazi, ndilo fungu letu kubwa. Huyu tumeshamfidia, mama."

Mkono wa mke ulisimama hapo hapo hewani.

"Mlikuwa mnamfidia nini," aliuliza, "wakati bado ana vidole vyote?"

Madam alitabasamu kidogo, akingoja kuelewa.

"Nakuuliza, dada. Mlijua mtamkata?"

"Mama, hilo ni neno tu. Ni lugha ya mahesabu."

"Basi kaa nalo." Mke aliuchukua mkono wa mumewe kwa kifundo, kama anavyoshikwa mtoto barabarani, akachukua na fomu. "Saa sita ikifika rudisha hela zenu benki."

Walipofika nje ya mlango, ujasiri ulimwisha. Aliegemea ukuta. Laki sita zilikuwa zimebaki upande wa pili wa mlango, na alizisikia zikirudishwa bahashani.

"Nimefanya nini," alisema.

"Ulichofanya nimekiona," Mbili alisema.

Kwenye korido, mfagizi alikuwa anapiga deki palepale alipokuwa akipiga deki tangu walipoingia. Sakafu ya mahali hapo ilikuwa imetakata kupita kiasi. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, mwenye sare ya njano ya kampuni ya wakala, siyo ya kiwanda.

"Nasikia shahidi wa kwanza mmempata," alisema kwa sauti ya chini, akiendelea kusukuma maji. "Wa pili anatakiwa awe ameona nini?"

*

Alasiri hiyohiyo walikuwa watatu mbele ya karani mwenye miwani ya uzi. Mfagizi alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda msalani, na kutoka msalani akaendelea moja kwa moja hadi barabarani.

"Wakala akijua?" mke wa Mbili alimwuliza njiani.

"Atanihamisha. Vumbi liko kila jengo."

Karani alijaza fomu akiuliza na kuandika. Alipofika mahali pa *Anachodai*, aliandika neno moja bila kuuliza. Mbili alilisoma kichwa chini.

"Umeandika mafao."

"Ndivyo tunavyoandika siku hizi. Mafao ya ulemavu."

"Andika fidia."

"Ni kitu kilekile, kaka."

"Si kitu kilekile. Nimezunguka wiki nzima nikitafuta hilo neno linakaa wapi. Linakaa hapa."

Karani alimtazama, akakata neno lake kwa mstari mmoja, akaandika la Mbili juu yake. Akaweka sahihi yake ndogo pembeni, kama utaratibu unavyotaka mtu akisahihisha.

"Shahidi wa pili. Kazi?"

"Mfagizi," mwanamke alisema.

"Uliona ajali ikitokea?"

Mke wa Mbili alishika ukingo wa kaunta.

"Hapana. Niliitwa baadaye."

"Ukaona nini?"

"Vidole. Kimoja chini ya meza ya mashine, viwili ndani, kwenye tundu la mabati. Msimamizi aliniambia nihesabu, nihakikishe vimefika vitatu, kisibaki kimoja kikaharibu bati."

Kalamu ya karani ilisimama.

"Nikahesabu. Nikaosha ile presi na maji ya sabuni, nikaipangusa. Walikuwa na haraka. Mtu mwingine alikuwa ameshasimama pembeni anasubiri kuanza."

"Saa ngapi hiyo?"

"Yeye aliumia saa saba na nusu. Saa nane presi ikawa inakata tena."

Karani aliandika yote, pamoja na saa. Hakumharakisha. Kisha akasukuma kidau cha wino. Mfagizi alijifuta gumba kwenye sare kwanza, upande mmoja na wa pili, akalikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu, akaliacha hapo kidogo. Lilitoka duara kamili, kila mstari umeonekana.

Karani alipiga muhuri. Akakata kipande cha chini chenye namba ya dai.

"Siku sitini," alisema. Halafu, bila kuinua macho, "Naweza kuwaandikia barua kwamba dai limepokelewa. Kuna hospitali zinazoikubali, zikafanya kazi zikangoja hela. Nyingine zinaikataa. Siahidi."

"Andika," mke alisema.

Akaandika. Mke aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani, siyo kwenye mkoba. Nje ilikuwa saa tisa na robo, na jua bado kali. Mfagizi aliaga akaelekea upande wake. Mbili alitazama mkono wake, akakijaribu kidole. Kilikwenda hadi palepale kinapoishia siku zote.

"Hospitali ya karibu ni ipi?" aliuliza.

"Hii ya barabara ya juu. Watakataa, nawajua."

"Kisha?"

"Kisha ile ya ng'ambo ya soko." Alikuwa ameshaanza kutembea. "Nyoosha hatua, baba watoto. Wanafunga saa kumi."